Swichi Inapochoma Mkono

Tuliahidi kuandika juu ya mitihani, lakini mitihani itangoja kidogo. Mwezi huu tunaongea juu ya waya.

Hapa kwetu iko gari moja ambayo watu wanakodi usiku mgonjwa akizidiwa, zaidi mama wa uchungu. Taa zake zilikuwa na tabia mbaya: zinawaka vizuri, kisha baada ya dakika ishirini zinafifia, mara zinazimika zote mbili kwenye kona. Usiku mmoja walimbeba mama jirani yetu, na mume wake akatembea mbele ya gari na tochi mpaka kituo cha afya. Mtoto alizaliwa salama, tunamshukuru Mungu. Lakini watu wakaanza kusema gari imelogwa. Wengine walisema ni betri. Dereva alinunua betri nyingine, akaweka na fyuzi kubwa zaidi. Taa ziliendelea kuzimika.

Sisi walimu wa sayansi tulienda kwa fundi mmoja wa karibu na soko, juu kuna jambo lilitusumbua: kama waya iko na shida, kwa nini fyuzi haikatiki?

"Walimu, wekeni mkono hapa," alituambia. Taa zilikuwa zimewaka kama robo saa. Tuligusa nyuma ya swichi tukatoa mkono haraka. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na pini moja ya soketi nyeusi kabisa.

"Sasa muzee, na fyuzi?"

"Fyuzi haioni hii, wanangu. Inaona umeme ukizidi. Hapa umeme haujazidi."

Maneno hayo tulirudi nayo ubaoni. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata kama ampea 9. Pini ikilegea au ikishika kutu, inaleta ukinzani kidogo, tuseme omu 0.05. Joto la pale ni ampea mara ampea, halafu mara ukinzani: wati 4 hivi. Ni kidogo, lakini zote zinakaa mahali padogo kama punje ya mchele. Sasa ile gari mtu aliifunga balbu za wati 100. Ampea zinafika karibu 17, hazijafika hata mara mbili, lakini joto linafika wati 14, zaidi ya mara tatu. Joto linalegeza pini, pini ikilegea ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda joto linapanda tena. Na umeme wenyewe unapungua kidogo! Fyuzi inakaa kimya huku plastiki inayeyuka. Kuweka fyuzi kubwa hakusaidii kitu, tena ni hatari, juu siku waya zikigusana hakuna wa kuzikata.

Muzee alirudisha balbu za wati 55, akakata waya mpaka shaba inayong'aa, akabana pini mpya kwa koleo, akafunga rilei. Rilei inachukua umeme mkubwa kutoka betri, kupitia fyuzi yake, na swichi inabaki na kazi ndogo ya kuiamsha tu.

Msifikiri haya ni ya magari makuukuu peke yake. Mwezi wa kumi 2012 kampuni ya Toyota iliita magari karibu milioni 7.4 dunia nzima juu ya swichi ya vioo vya madirisha upande wa dereva: grisi haikupakwa sawasawa kiwandani, na swichi iliweza kukwama, kupata joto hata kutoa moshi. Mwaka 2015 iliita mengine milioni 6.5, tena swichi za vioo. Kwa yale ya 2012 wenye magari walionywa wasijipulizie mafuta ya dukani ndani ya swichi, juu yanaweza kuleta moto. Sisi tunawajua mafundi ambao dawa yao ya kwanza ni kupuliza mafuta.

Lakini kinachotunyima usingizi ni nyumba zetu. Betri za magari ziko ndani, chini ya turubai na nyasi, zinachaji simu na kuwasha taa, waya zimesokotwa kwa vidole na kufungwa mfuko wa nailoni. Kuna watoto wanaolala kichwa karibu nazo. Jioni, vitu vikiwa vimewaka muda, sogeza mgongo wa mkono kwenye kila kiungo na kila swichi. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma, au ukisikia harufu ya plastiki, zima, tenganisha kwenye betri, umwite fundi.

Jumamosi tulipita kwa wachaji simu wanne. Kwa wawili viungo vilikuwa vya moto. Wamekubali kufunga upya. Wa tatu yuko sawa. Wa nne alikuwa ameenda shambani, tutarudi kwake Jumanne jioni.