Usiuoshe ule utelezi

Ndugu mfugaji, kama una pipa la kokoto la kuchujia maji ya samaki, naomba usizisugue hizo kokoto. Mimi nilizisugua. Hapa Nyakato nina tanki la sato. Niliona kokoto zina utelezi wa kahawia, nikazitoa zote, nikazisafisha kwa sabuni na kujisifu. Siku ya nne sato walikuwa juu ya maji wakihema, na asubuhi yake nikaokota waliokufa kwa ndoo. Bwana shamba mzima!

Ule utelezi ni bakteria waliojishika kwenye jiwe. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria hao, wakipata hewa ya kutosha, huigeuza kuwa naitreti, isiyo na makali hayo. Wakishaondolewa, kuota upya huchukua wiki 4 hadi 6. Kokoto zikiziba, suuza nusu tu, tena kwa maji ya tanki lenyewe.

Naitreti nayo ni mbolea. Maji unayopunguza yapeleke kwenye mchicha au migomba. Ukiyaachia mtaroni yataishia Ziwa Victoria, kulisha gugumaji ambalo kila mvuvi wa Musoma analijua. Mimi kwa sasa nina sato wachache, mchicha mwingi.