Kutoka Katesh hadi Maji ya Chumvi

Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kufunika Katesh na Gendabi, niliwaona wanajeshi wakifukua miili kwa koleo, tope limewafika mapajani. Pale pale nikaamua kuwa askari. Aliyenivuta kwenye ukomandoo wa majini ni mjomba, mstaafu wa jeshi anayeishi Kigamboni. "Kabla hujajaza fomu, njoo kwanza uone bahari," aliniambia kwa simu.

Basi lilitoka Katesh alfajiri, baridi ikikata masikio. Babati, Kondoa, Dodoma, Morogoro. Usiku tukaingia Dar es Salaam. Asubuhi nilipanda kivuko pale Magogoni. Upande wa bahari kuu niliona maji yasiyo na ng'ambo, ambayo sikuwa nimewahi kuyaona. Nilishika chuma cha kivuko kwa mikono miwili mpaka tukafika.

Kigamboni ndiko iliko Kamandi ya Jeshi la Wanamaji, iliyoundwa mwaka 1971 kwa msaada wa China, na mwaka 2014 askari wa majini wa Tanzania na China walifanya mazoezi pamoja hapo. Mjomba alinieleza pia habari za Machi 2008, wanajeshi wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwemo, walipovuka kwa bahari kutoka kisiwa cha Moheli, huko Komoro, na kuteremka kisiwa cha Anjouan kumng'oa mtawala wake, Kanali Mohamed Bacar. Nilizisikiliza kwa fahari kubwa. Kisha akaniuliza, "Mjomba, unajua kuogelea?"

Sijui. Kwetu tunakimbia. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Meksiko mwaka 1968 goti likiwa limeumia, ni mtu wa Mbulu. Lakini ziwani Basotu kuna viboko, na mama zetu walitukataza maji tangu tukiwa wadogo.

Jioni akanipeleka ufukweni. "Lala chali. Masikio yazame. Usipigane na maji." Kiganja chake kilikuwa chini ya mgongo wangu. Alipokiondoa, miguu ikazama kwanza, chumvi ikaniingia puani, nikasimama nikikohoa. Maji yalikuwa ya kiunoni tu. Tukarudia mpaka giza likaingia, na mara ya mwisho nilielea, nikapumua, nikaona nyota.

Njia yenyewe ni ndefu. Unaanza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huchukua vijana wake; unapita ukuruta, unaitumikia kamandi yako, ndipo uanze kufikiriwa kwa kozi ngumu. Na kozi hizo zinadai maji: huko Marekani, kwa mfano, anayeomba kuwa Navy SEAL, komandoo wa majini wa nchi hiyo, hupimwa majini mapema kabisa: yadi 500, karibu mita 457, ndani ya dakika 12 na nusu. Wiki ya Jehanamu, siku zaidi ya tano zenye usingizi wa takriban saa nne kwa jumla, huja baadaye.

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang mnaosubiri usaili wa JKT na macho yenu yako baharini: mapafu na miguu mnayo. Tafuteni mtu mzima anayejua maji, mahali pasipo viboko, mwanze kujifunza kuelea sasa, kabla ya kuitwa.