Springi na Shokapu

Nguvu isiyojua kulegea haidumu, na ulegevu usiojua kujizuia haufiki. Maneno haya yaweza kudhaniwa kuwa ya mwalimu wa tabia, lakini ni sheria ya chuma vilevile, na kijana mmoja wa Njombe alijifunza sheria hiyo chini ya gari lake mwenyewe.

Kijana huyo alikuwa amenunua Subaru lililokwisha tumika, akakusudia kuingia katika mashindano ya mbio za magari. Fedha zilitoka katika misonobari ambayo baba yao aliipanda, akaiuza, akawagawia wanawe wawili. Mdogo wake alitoa fungu lake pia kwa sharti moja: kuwa yeye ndiye atakayekaa kando ya dereva na kumsomea njia.

Asubuhi moja ya ukungu kijana aliteremka peke yake mpaka Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi. Hapo njia ya Songea hukutana na njia kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA hupita. Kwa kuwa malori hayakomi mahali hapo, mafundi nao hawakomi. Alimwendea mmoja aliyezeeka katika kazi hiyo.

"Kamwene, baba," alisalimu. "Nataka springi hizi zikatwe, gari lishuke, lilale juu ya ardhi kama chui."

Mzee aliitikia salamu, lakini ombi hakulijibu. Aliikandamiza pembe moja ya gari kwa mikono miwili, kisha akaiachia. Gari lilipanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena.

"Springi hazina kosa, mwanangu," alisema. "Shokapu ndizo zilizokufa."

Watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili, ilhali kazi zao ni mbalimbali. Springi hubeba uzito wa gari na kulipokea pigo la njia, lakini kila ilichopokea hutaka kukirudisha. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuizuia springi isicheze kupita kiasi. Ndani yake pistoni huyasukuma mafuta yapite katika matundu membamba, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Katika njia ya vumbi yenye mawimbi mfululizo joto hilo huzidi, mafuta yakafanya povu, na povu halizuii kitu. Kwa sababu hiyo shokapu nyingi za mashindano hutiwa gesi iliyoshindiliwa, ili povu lisipate nafasi.

Kijana hakuridhika. Alikuwa ameona picha za magari ya Ulaya yaliyoshuka mpaka karibu yaguse lami. Mzee akachukua chaki, akaandika hesabu juu ya sakafu. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ikikatwa ikabaki mizunguko 4 na nusu, ugumu wake huzidi kwa theluthi moja. Shokapu iliyoweza kuitawala ile ya kwanza hupungukiwa sasa. Yahitaji kuongezewa ukinzani kiasi cha asilimia 15. Zaidi ya hayo, gari lililoshuka limepoteza nafasi ya gurudumu kupanda. Penye shimo, chuma kitagonga chuma, na gurudumu litaruka. Gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halifuati usukani.

"Picha zile ni za njia nyingine," alisema mzee. "Njia yako ni ipi?"

Historia ya Afrika Mashariki ilikuwa upande wa mzee. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa mtihani wa matope, mawe na vumbi. Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404, gari lililosifika kwa springi laini na magurudumu yaliyoweza kupanda na kushuka kwa kadiri kubwa. Mwaka 1965 Joginder Singh alikuwa ameshinda kwa Volvo kuukuu, na aliyekaa kando yake alikuwa nduguye, Jaswant.

Mzee alipolitaja jambo hilo la mwisho, aliuliza, "Na wewe, nani atakaa kando yako?"

"Mdogo wangu, baba."

Mzee hakuongeza neno. Aliirudisha misumeno yake kisandukuni.

Kijana aliagiza springi ngumu kidogo tu kuliko za kwanza, zenye kimo kilekile, na shokapu za gesi zilizolingana nazo. Bei ilikula fedha alizoweka kwa ajili ya rangi na ringi za fahari. Kwa hiyo siku ya majaribio gari lilitoka likiwa na sura yake ya zamani, refu na la kawaida, na vijana wa mtaani walilicheka.

Ndugu wawili waliingia katika njia ya vumbi nje ya Njombe, mahali malori ya mbao yalipoichimba ardhi. Penye kona iliyojaa mawimbi gari lilizama, likainuka mara moja, likatulia. Kaka alisikiliza kando yake. Mdogo wake aliendelea kusoma njia, kona baada ya kona, na sauti yake haikukatika.