Tumbo Lenye Linakatala Maziwa

Ndugu musomaji, pengine umekwisha kupokea mupasteri ndani ya nyumba yako. Unajua namna inapita. Mama anatuma mutoto mbio kwenye duka kununua maziwa ya unga na sukari, hata kama franka za ile siku zilikuwa za sabuni. Kopo kubwa kupita zingine inasuguliwa. Chai inaletwa nyeupe pee, vijiko vinne vya sukari ndani, kwa maana mutumishi wa Mungu hawezi kupewa kitu chepesi. Leo nataka kuongea nanyi juu ya ile kopo. Kwa miaka karibu mbili niliiogopa kupita nyoka, na hata hivyo niliikunywa, na mambo mabaya yalifuata.

Niwaelezee tangu mwanzo.

Mimi ni mutoto wa kambi, hapa Likasi. Baba alikuwa mutumishi wa migodi, na wakati wa utoto wangu posho ya unga ilifika nyumbani kila mwezi, mufuko mzima. Kisha miaka ya 1990 ikafika. Wewe wa umri wangu hauna lazima ya kuelezewa. Tulikuwa watoto saba. Tulikula mara moja kwa siku, mangaribi, na kuna wakati wakubwa walikula leo na wadogo kesho. Niliapa ndani ya moyo kwamba siku nitakapokuwa na nyumba yangu, sahani haitarudi jikoni na kitu juu yake.

Kile kiapo nilikitimiza. Mwaka 2018 nilikuwa na kilo 141. Kanisa lilifurahi. Kwetu mupasteri munene ni alama ya kanisa lenye kumutunza, na bibi yangu alisifiwa sokoni juu yangu. Lakini mimi sikuweza tena kufunga viatu vyangu mwenyewe, magoti yaliniuma mimbarani, na sukari ilipanda ndani ya damu mpaka dawa za asubuhi na za mangaribi hazikuishusha. Ndugu yangu mudogo anatumika Johannesburg. Yeye ndiye alitafuta munganga, yeye ndiye alilipa, na mwaka 2019 nikapasuliwa kule.

Kazi yenyewe ni hii. Wanatenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo la chakula, yenye kujaa na mililita 30 hivi, ni kusema vijiko viwili vikubwa. Ile sehemu wanaiunga na utumbo mudogo kwa chini, kusudi chakula kipite njia ya mukato. Walioanza kuwapasua watu wanene namna hii ni munganga Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito, kwenye Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Watu waliona kwamba wagonjwa wenye kukatwa tumbo juu ya vidonda walikonda, na hawakunenepa tena. Kwa hiyo, wewe mwenye ulikatwa tumbo juu ya vidonda, usipite haraka juu ya ukurasa huu. Mambo mingi yenye nitasema ni yako pia.

Sukari ilishuka mbele hata kilo zianze kushuka. Munganga alisema inakuwa hivyo mara mingi. Nilirudi nyumbani nikiwa na shukrani, na nikiwa na haya. Haya ya nini? Niliona watu watasema: mupasteri mwenye anafundisha vijana kujizuia, yeye mwenyewe alishindwa na sahani mpaka kukatwa na kisu. Basi nikawaambia wazee wa kanisa kwamba nilikwenda kutunzwa ugonjwa wa sukari. Haikuwa uongo. Lakini kweli yote haikuwa pale.

Ndani ya mwaka moja nilipoteza kilo 50. Uvumi ukaanza. Wengine walisema ni SIDA, wengine wakasema kuna mutu ameniloga. Kisha muzee mumoja wa kanisa, mutu mwema sana, akasimama siku ya Mungu na kutoa ushuhuda kwa ajili yangu: Pasteri wetu alifunga na kuomba, na Bwana amemuponyesha sukari. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yao wote, na nikanyamaza.

Sasa turudi kwenye kopo ya chai.

Kule Johannesburg mama moja mwenye kazi ya kufundisha wagonjwa kula alinipa karatasi. Supu nyepesi kwanza, kisha vyakula vya kupondwa, kisha vya kawaida polepole. Maziwa yalikuwa kwenye ile karatasi, kwa maana yana nguvu ya kujenga mwili. Nikakunywa. Tumbo likaanza kunguruma kama treni ya madini. Likajaa hewa, likauma, nikakimbia choo mara ine. Nilifikiri ile kazi ya kisu imeharibika.

Yule mama akacheka kidogo, kisha akanifundisha. Ndani ya maziwa kuna sukari ya pekee, jina lake laktoze. Utumbo mudogo unapaswa kuikata vipande mbele ya kuipitisha kwenye damu. Mutoto mwenye kunyonya anaweza. Lakini kwa watu wazima wengi, karibu sehemu mbili juu ya tatu duniani, ule uwezo unapunguka. Ile sukari inashuka nzima mpaka kwenye utumbo mukubwa, vijidudu vya mule vinaikula, na hewa inatoka pale. Mutu anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila kujua, kwa maana tumbo lenye kuwa nzima linaachilia maziwa polepole. Langu halikuwa tena na ule mulango. Maziwa yalianguka mbio kwenye utumbo, na siri ya siku zote ikaonekana.

Tafazali musichanganye hii na ugonjwa mwingine, wenye mwili mzima unakatala maziwa, ngozi inawasha, midomo inavimba, pumzi inakata. Ule ni hatari kwa tone moja tu. Hii yangu ni ya tumbo, na kuna watu wanaweza kunywa maziwa kidogo, ao maziwa yenye kuganda, bila shida. Mimi hata kidogo inanisumbua. Na wamama wenye wanafikiri kuchemsha sana kunaondoa ile sukari, ao kwamba maziwa ya unga si maziwa: hapana. Laktoze inabaki mule mule.

Tena kulikuwa sukari yenyewe, ya vijiko vinne. Kwa mutu mwenye kupasuliwa hivi, kitu cha sukari mingi kikifika mbio kwenye utumbo, kinavuta maji ya mwili kuingia mule. Ndani ya nusu saa moyo unapiga ngoma, jasho linatoka, macho yanaona giza, unatamani kulala chini. Na kisha saa moja ao mbili, sukari ya damu inaweza kuanguka chini sana, unatetemeka. Unaona sasa ni nini ilikuwa ndani ya kopo ya upendo.

Lakini ningesema nini? Kama ningekatala, wangeuliza sababu. Sababu ilikuwa siri. Basi nilikunywa, ninasema asante mama, na ninatafuta namna ya kuaga mbele ya dakika kumi na tano. Bibi yangu alinionya: «Baba, ile haya yako itakuzika.» Sikusikia.

Mama mujane mumoja, jirani ya kanisa, alifiwa na mutoto wake wa kiume. Nilifika kwenye kilio asubuhi. Katikati ya machozi yake alisimama, akanipikia chai kwa mikono yake, nyeupe, tamu, na mukate juu. Ni nani angeweza kukatala mikononi mwa yule mama? Nikakunywa yote. Nikasimama kuhubiri. Nilikuwa sijafika kwenye neno la pili, jasho likashuka mpaka karatasi ikalowa, miguu ikakatika, na tumbo likafanya mambo yenye sitaandika ndani ya gazeti la familia. Walinibeba. Kilio cha mutoto wa watu kikageuka kilio cha mupasteri. Mangaribi uvumi ulikuwa umefika mpaka Kambove.

Hata pale sikusema. Nilisema malaria.

Jambo lenye lilinivunja ni lingine. Ndani ya kanisa letu kuna mama mwenye ugonjwa wa sukari, nitamuita Mama K. Alisikia ule ushuhuda wa muzee. Akaniangalia namna nilikonda na kupona, akaamini. Akaacha vidonge vyake, akaanza kufunga. Hakuniuliza, kwa maana mufano ulikuwa mbele ya macho yake kila siku ya Mungu. Juma la tatu walimupeleka hospitali, sukari juu sana, na kidonda kidogo cha muguu kilikuwa kimeoza. Walimukata kidole kikubwa. Nilikwenda kumuona. Akaniambia kwa sauti ndogo: «Baba Pasteri, pengine imani yangu haikufika kama yako.»

Wapenzi, sikulala ule usiku. Asubuhi nilirudi kwake nikamuambia yote, mimi na yeye tu, kisu, Johannesburg, kila kitu. Alinyamaza muda murefu. Akauliza tu: «Sasa Baba, juu ya nini haukusema?» Sikupata jibu, na mpaka leo sijalipata. Siku ya Mungu yenye ilifuata nikasema mbele ya kanisa lote. Nilieleza kisu, nilieleza sukari, nilieleza hata chai. Na nikasema kwa wenye ugonjwa wa sukari: vidonge vyenu musiviache bila neno la munganga, hata mukifunga, hata mukiombewa na mimi.

Ninyi vijana mumeniuliza sasa ninakula nini. Haya.

Bukari. Hii ndiyo iliniliza. Bukari inajikusanya kama udongo pale kwenye ule mulango mudogo, haishuki, inauma kifuani mpaka unairudisha. Mwana-Katanga bila bukari ni nani? Sasa ninachukua tonge moja, ndogo kama yai la njiwa, nikitafuna mpaka inakuwa maji, na siku zingine ninaacha kabisa. Mukate mulaini pia unanikwama. Ule wa kukaushwa kwenye moto unapita. Nyama ngumu, hapana. Vya kukaangwa ndani ya mafuta mingi, hapana. Munkoyo yenye kutiwa sukari, ole wangu.

Ninaanza na kile chenye kujenga mwili: samaki, yai, maharagi ya kupondwa, kuku ya kuchemshwa sana. Wali na viazi vinakuja mwisho kama fasi iko. Ninakula mara tano ao sita kwa siku, kidogo-kidogo. Maji sikunywi pamoja na chakula, ninangoja nusu saa, kisha ninakunywa funda moja moja muchana kutwa. Na mwenye hakunywi maziwa, mifupa yake inapaswa kupata kalisiumu fasi ingine. Hapa kwetu Mungu alituweka vizuri: kapenta na ndagala yenye kuliwa na kichwa na mifupa yake, sombe yenye kupondwa na kuchemshwa vizuri, maharagi, soya. Bibi yangu anasaga kapenta kuwa unga na kuitia ndani ya mboga. Hauioni, lakini iko. Uji wa asubuhi anautia karanga za kusaga pa fasi ya maziwa, na watoto wangu sasa wanakatala ule wa zamani.

Lakini chakula peke yake hakitoshi kwa mwenye njia ya mukato. Ninakunywa vidonge vya kalisiumu, vya damu na vya vitamini, na ninapata vitamini B12, mpaka nitakapokufa. Vya damu na vya kalisiumu sivikunywi saa moja, vinazuiana. Vinalipwa bei, na kuna miezi vinanishinda, ndugu yangu anatuma. Nakueleza hivi kusudi mutu asiende kutafuta kisu akifikiri ni kitu cha siku moja.

Kufunga? Kufunga bila maji munganga alinikataza. Kanisa likifunga, mimi ninafunga telefone na maneno mingi, na bibi yangu anasema ile ya pili ndiyo imenishinda zaidi. Meza ya Bwana haina shida, ni kipande kidogo na funda moja. Timoteo naye alikuwa na tumbo lenye kumusumbua, na Paulo hakumupatisha haya juu yake. Alimuandikia kitu cha kunywa.

Na yule mama mujane? Siku ya Mungu ile ya kusema kweli, kisha ibada, alinifuata mpaka kwenye mulango wa nyumba, kitambaa machoni. «Baba Pasteri, miaka mbili ninakupa sumu, na wewe unaniitikia asante? Mimi siko mama yako? Mutoto anaficha mama yake kitu chenye kinamuumiza?» Alikasirika kweli. Hakunisalimia majuma mbili.

Kisha akatuma mujukuu wake kuniita. Nilikuta kopo ndogo ya watoto juu ya meza, chai nyeusi ya tangawizi bila sukari, nusu tu, na pembeni sahani ya kapenta ya kukaushwa. Tangu ile siku ni vile kila mara. Anaketi mbele yangu, anahesabu namna ninatafuna, na nikifanya haraka ananipiga kwenye mukono na kijiko.