Tangazo Tunalo, Pa Kwenda Hatuna

Kigogo, Dar es Salaam, nilikokulia, mafuriko yalikuja kama msimu wa maembe. Mto Msimbazi ukifurika tulipandisha magodoro mezani, maji yakishuka tukazoa tope. Akifa mtu, wazee walisema siku yake imefika. Tulizika, tukarudi palepale bondeni.

Kisha nikaenda Muscat, Oman, kuuza katika duka la nguo mtaa wa Ruwi. Juni 2007 kikaja kimbunga Gonu. Siku kadhaa kabla, redio na televisheni hazikuwa na habari nyingine, na watu wa pwani walihamishiwa shuleni. Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kiomani mzaliwa wa Unguja, alipita mlango kwa mlango: "Wanangu, jazeni maji kila chombo!" Sisi vijana tukacheka. Mvua yote hiyo inakuja, tujaze maji ya nini? Gonu ilipopita, mitambo ya kusafisha maji ya bahari ya Ghubra na Barka ikasimama, mabomba yakakauka. Mabonde makavu yaliyojengwa barabara na majumba yaligeuka mito kwa saa chache. Kumbe wenye fedha nao hujenga mtoni! Oman nzima walikufa watu wapatao 50.

Tangu hapo habari ya siku kufika haikuniingia tena. Desemba 2011, mvua iliponyesha Dar es Salaam kwa wingi usioonekana tangu 1954 na kuua zaidi ya watu 40, nilimpigia dada simu nikifoka: kwa nini hamkuhama mapema?

"Tuhamie wapi, mdogo wangu? Na vyombo nimwachie nani?"

Sikuwa na jibu. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, naye akapata. Lakini anauza samaki Kariakoo, na nauli ya kwenda na kurudi ilimlia faida. Mwaka haukuisha, akapanga chumba Kigogo.

Mei 2024, kabla kimbunga Hidaya hakijapiga karibu na Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Tangazo, basi, tunalo kama Muscat. Bado shule ya kufunguliwa usiku wa mvua, yenye mlinzi wa kulinda vyombo vya watu, na viwanja visivyo mbali na soko. Diwani akija kuomba kura, mwulizeni hayo mawili, tena kabla ya masika.