Senti, Deni na Nukta: Desimali Chanya na Hasi Temeke na Kinondoni

Kujumlisha na kutoa desimali kuliingia katika maisha ya Dar es Salaam kwa mlango wa fedha. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani iliigawa rupia yake katika heller 100, badala ya pesa 64 za awali. Mwaka 1921 Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Tangu hapo, aliyejua kuhesabu chenji alikuwa tayari anajumlisha na kutoa sehemu za mia, hata kama hakuwahi kukanyaga darasa. Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa Juni 1966 na kutoa shilingi ya Tanzania, mgawanyo huo haukuguswa. Senti 5 ilichorwa samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi yenyewe mkono ulioshika mwenge.

Katika maduka ya Chang'ombe, Tandika, Magomeni na Mwananyamala bei za siku hizo hazikuandikwa kwa nukta. Ziliandikwa kwa mstari wa mshazari: 3/40 ilikuwa shilingi tatu na senti arobaini, na 5/= shilingi tano kamili. Mstari huohuo mwalimu aliutumia ubaoni kuandika sehemu, ambako 3/40 haifiki hata moja ya kumi. Watoto walizibeba maana zote mbili bila kulalamika, moja ya shule na moja ya dukani. Ile ya dukani ilikuwa na ubora wake: senti zilipewa nafasi mbili siku zote. Shilingi mbili na ndururu iliandikwa 2/05, wala haikuweza kuchanganywa na 2/50, yaani shilingi mbili na sumni.

Hapo ndipo penye ugumu wa kwanza wa desimali. Ili kujumlisha 12.75 na 3.4, nukta hupangwa chini ya nukta, na 3.4 husomwa kama 3.40, jibu ni 16.15. Mwanafunzi anayepanga tarakimu kuanzia kulia, kama alivyozoea kwa namba nzima, huiweka 4 chini ya 5 na kupata 13.09. Aliyelelewa na senti alikuwa na kinga: sehemu nne za kumi za shilingi ni senti arobaini, si senti nne. Kutoa kulifuata njia hiyohiyo. Shilingi 5 ukiondoa 3/40 hudai shilingi moja ivunjwe kuwa senti 100, nayo chenji ni 1/60.

Namba hasi nazo zilikuwa na daftari lao. Maduka mengi ya uswahilini yalibandika tangazo la kukataa mkopo, na maduka hayohayo yaliweka daftari la wakopaji chini ya meza. Tuchukue mteja mwenye deni la 6/80. Kwa lugha ya darasani yuko kwenye −6.80. Akilipa 4/50, hesabu ni −6.80 + 4.50. Alama zimetofautiana, kwa hiyo, bila kutazama alama, ndogo hutolewa kwenye kubwa, na jibu hubeba alama ya ile kubwa: −2.30. Bado anadaiwa. Mwenye duka akimsamehe 1/20, ameondoa sehemu ya deni, na kuondoa deni kunaandikwa −2.30 − (−1.20). Kutoa namba hasi ni sawa na kujumlisha kinyume chake, kwa hiyo inakuwa −2.30 + 1.20, yaani −1.10. Siku ya pili akikopa tena vitu vya senti 75, hesabu ni −1.10 − 0.75, na deni linafika −1.85.

Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyowaangusha wanafunzi wengi, na inaendelea kuwaangusha. Wimbo wa darasani kwamba hasi na hasi huwa chanya ni wa kuzidisha, lakini watoto huuimba hata wanapojumlisha, wakaandika 1.85 bila alama yoyote mbele. Daftari la mkopo linalikanusha jibu hilo mara moja: aliyekopa leo na kesho akakopa tena hajageuka kuwa mdai. Ni ajabu kwamba vitabu vingi vilipendelea kueleza namba hasi kwa baridi chini ya sifuri, jambo ambalo mtoto wa Mbagala hakuwahi kulikuta nje ya friza.

Shuleni mambo yalikuwa yakibadilika pia. Warsha za hisabati zilizoanza Entebbe mwaka 1962, zilizowakutanisha walimu wa Kiafrika na wataalamu wa Marekani na Uingereza, zilieneza hisabati mpya, pamoja na seti na mstari wa namba. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia elimu ya msingi, na somo likasimama kwa istilahi zake: desimali, namba chanya, namba hasi, namba kinyume. Mstari wa namba ulikuwa zawadi ya kweli. Mwanafunzi aliona kwamba −1.85 iko kushoto kwa −1.10, kwa hiyo ni ndogo zaidi, ingawa 1.85 ni kubwa kuliko 1.10.

Kisha senti zikapotea. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 7.14, na zile senti 14 zilikuwa na uzito. Shilingi ilishushwa hadi 17 kwa dola mwaka 1984, na miaka miwili baadaye ikafika kama 40. Nauli ya daladala za mwanzo, mwaka 1983, inakumbukwa kuwa shilingi 5, sarafu moja nzima isiyodai chenji ya senti. Ndururu na sumni ziliishia kwenye makopo ya vifungo na mikononi mwa watoto waliozichezea. Hakuna mtaala uliobadilishwa kwa sababu hiyo, ila desimali ilikuwa imempoteza mwalimu wake bora. Kizazi kilichosoma miaka ya 1990 kilikutana na 12.75 ubaoni tu.

Mwalimu mwingine alikuja kwa njia ya umeme. Mita za LUKU, yaani za umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, zilizoanza kuenea katika miaka hiyo ya 1990, huhesabu uniti kwa nukta. Mita ikionyesha 14.3 asubuhi na 11.8 kesho yake, nyumba imetumia uniti 2.5, na wapangaji wanaochangia mita moja huifanya hesabu hiyo kwa makini kuliko mtihani wowote. Buchani, mizani ya mawe ilizoea robo na nusu. Mizani ya dijitali huandika 0.485. Aliyelipia nusu kilo anaweza kutoa mwenyewe: 0.485 − 0.5 = −0.015, yaani amepungukiwa gramu 15.

Kwa wavuvi wa Kunduchi hesabu iko baharini. Majedwali ya maji kupwa na kujaa hutoa kimo kwa mita na sehemu zake, kuanzia sifuri iliyowekwa karibu na kiwango cha chini kabisa cha maji. Maji yakishuka chini ya hapo, kimo huandikwa kwa alama ya kutoa. Ikiwa, kwa mfano, bamvua imejaa hadi 3.6 na kupwa hadi −0.1, tofauti ni 3.6 − (−0.1), sawa na mita 3.7. Mvuvi anayejibu 3.5 ameipunguza ile sehemu ya pwani iliyo chini ya sifuri badala ya kuiongeza.

Kidato cha kwanza mwanafunzi hukutana tena na hesabu hizihizi, safari hii kwa Kiingereza, na wengi huanguka kwenye lugha wakidhani wameanguka kwenye nukta. Walimu wa Temeke na Kinondoni wana mita ya LUKU, mizani ya buchani na daftari la mkopo katika kila mtaa. Waanzie hapo, kanuni zije baadaye.