Sleidi Isiyo na Kitu

Tangazo la kuitwa kwenye usaili lilimkuta binti juu ya kichuguu, nyuma ya zizi la mbuzi. Hapo ndipo watu wa kitongoji chao, ukingoni mwa Ziwa Jipe, huenda kutafuta mtandao. Ukishuka hatua chache kuelekea kwenye matete, simu inadaka minara ya Kenya na bando la Tanzania linakuwa pambo. Faili lilikuwa refu, majina kwa mamia, kada baada ya kada. Alishusha kwa kidole gumba, akawapita madereva, akawapita watunza kumbukumbu, akafika penye Mteknolojia Maabara Daraja la II. Jina lake lilikuwapo.

Alirudi nyumbani mbio. "Baba, nimeitwa!"

Mzee alikuwa anakula makande. Hakuuliza mshahara wala kituo. Aliuliza, "Vitendo vipo?"

"Vipo. Mchujo kwanza, halafu vitendo, halafu mahojiano."

"Haya, mama. Sawa," akasema, akaendelea kula.

Katika nyumba hiyo, vizazi vitatu vimewahi kusimama mbele ya wasaili wa maabara za utafiti za serikali, na mzee, aliyestaafu ufundi sanifu wa maabara mwaka 2022, ndiye mwenye kuzihifadhi hadithi zote tatu. Huzisimulia kwa mpangilio uleule, akianza na ya marehemu baba yake.

Mwaka ulikuwa 1955. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, majengo yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa kwa watafiti wa malaria chini ya Daktari Donald Bagster Wilson. Watafiti hao walitaka kujua jambo moja: nyumba zote za eneo kubwa zikipuliziwa dawa, malaria itakatika? Walichagua Wilaya ya Pare, ambayo siku hizo ilikuwa bado haijagawanywa kuwa Same na Mwanga, pamoja na Taveta ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Dawa ilikuwa dieldrin. Upuliziaji ulianza mwaka huo wa 1955 na kuendelea hadi 1959, na kazi yote ikajulikana kwa jina la Mradi wa Pare-Taveta. Ziwa Jipe, ambalo nusu yake ilikuwa ya Kenya na nusu ya Tanganyika, lilikuwa katikati.

Vijana wa kupiga dawa na kukamata mbu walitakiwa. Lori liliwafuata hukohuko vijijini.

Usaili wa babu ulifanyika ndani ya nyumba ya tembe, alfajiri, kabla moshi wa jikoni haujaanza. Msimamizi alimpa tochi na bomba la kioo lenye mpira wa kufyonzea, akamwambia atoke na mbu watano walio hai. Babu alikuwa amekulia kwenye mtumbwi akivizia perege katikati ya mafunjo, kwa hiyo kunyamaza na kungoja vilikuwa kazi yake ya kila siku. Alitoka na saba. Msimamizi akamuuliza kama wote ni wa aina moja. Babu hakujua jina la mbu hata mmoja, lakini alikuwa ameona kwamba wengine hutua ukutani wakiwa wamelala sambamba na ukuta, na wengine huinua mkia kama anayetaka kusimama kwa kichwa. Akasema hivyo. Hao wa kuinua mkia ndio Anopheles, mbu wa malaria. Akaandikwa palepale.

Cheti hakuulizwa, na hakuwa nacho. Aliulizwa mdhamini, na jumbe akasema, "Huyu ni wa kwetu." Mzee hapitishi neno hilo bila kulitolea maelezo. Wapo vijana wenye macho makali kuliko baba yake ambao hawakupanda lori, kwa kuwa baba zao walikuwa na kesi na jumbe, na Upareni kesi haifi upesi.

Kazi ile ya kutazama mikia ilizaa sayansi kubwa. Anopheles funestus, mbu aliyekuwa akilala ndani ya nyumba za Upare, alitoweka baada ya upuliziaji, na nafasi yake ikachukuliwa na jamaa yake wa karibu, Anopheles rivulorum, ambaye hupendelea zaidi kuuma wanyama. Watafiti Gillies na Smith waliyachapisha matokeo hayo mwaka 1960. Mbu hao wawili wanafanana mno, na kuwatofautisha kulihitaji maelfu ya mbu waliokamatwa mmoja mmoja, kwa mkono, na vijana wa namna ya babu. Upuliziaji uliposimama, malaria ilirudi polepole, na babu akarudi kwenye mtumbwi wake.

Zamu ya mtoto wake ilifika mwaka 1984. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha taasisi nyingi za utafiti kwa niaba ya nchi tatu, ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na Tanzania ilibidi ijiundie za kwake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilianzishwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ikafuata mwaka 1980. Maabara zilihitaji mikono.

Barua yake ilikuja kwa sanduku la posta la shule ya msingi, bahasha ya kaki iliyofika ikiwa imechelewa wiki mbili. Ilikuwa miaka ya sabuni kwa foleni. Suruali aliazimwa na mwalimu, viatu na mjomba, na viatu vilimbana. Alipanda treni Lembeni, akafika kwenye kituo cha utafiti alikoitwa akiwa anachechemea.

Mezani walikaa watu watatu, wawili wao katika suti za Kaunda. Swali la kwanza lilihusu miiko ya uongozi katika Azimio la Arusha. Alijibu kama alivyofundishwa shuleni, na msaili wa katikati akaitikia kwa kichwa bila kuandika chochote. Kisha wakampeleka maabara.

Umeme ulikuwa umekatika. Hadubini ilikuwa ya kioo, imesogezwa dirishani ili ichote mwanga wa jua, na pembeni yake sleidi nne zilizopakwa damu na kutiwa rangi. Alipewa muda na karatasi. Ya kwanza ilijaa vimelea vya malaria, vipete vidogo kama pete za kike. Ya pili ilikuwa na vimelea vya umbo la ndizi. Ya tatu ilikuwa na minyoo midogo ya matende, na hiyo ilimpa taabu kidogo. Ya nne aliisogeza kulia, akaisogeza kushoto, akaanza upya kutoka kwenye kona. Chembe nyeupe aliziona, vumbi la rangi aliliona, kimelea hakukiona. Jasho likamtiririka mpaka kwenye viatu vya mjomba. Vijana wawili waliomtangulia walikuwa wametoka nje wakisema sleidi zote ni za malaria isipokuwa ile ya minyoo. Alishika kalamu, akaandika: "Namba nne sijaona kitu."

Miezi mitatu baadaye, akiwa amekwisha kuajiriwa, mkuu wake wa maabara alimwambia kwa kicheko kwamba damu ya sleidi ya nne waliichota kwa mpishi wa kituo, mtu mzima kama chuma.

Siku ile ya usaili, kabla ya kuondoka, mhasibu alimuita dirishani, akamsainisha vocha, akamrudishia nauli ya kwenda na kurudi.

Miaka ya tisini mzee huisimulia kwa haraka. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi chini ya mageuzi ya utumishi yaliyoanza mwaka 1993, ajira mpya zikasitishwa katika maeneo mengi, na neno "kupunguzwa" likawa linasemwa kwa sauti ya chini kwenye korido. Mwaka 1996 aliomba nafasi ya juu zaidi katika taasisi nyingine. Mahojiano yalichukua dakika sita. Maabara hakuonyeshwa hata mlango. Aliulizwa yeye ni mtoto wa nani, na nani amemleta. Hiyo ndiyo iliyokuwa enzi ya vimemo, vile vikaratasi vilivyokunjwa mara nne vyenye sahihi ya mkubwa fulani, na yeye alikuwa amekuja na vyeti tu. Nafasi alipewa kijana mwingine. Mwaka uliofuata kijana huyo aliletwa kwa mzee kufundishwa namna ya kupaka sleidi.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia ya sheria. Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 8 ya mwaka 2002 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2007, na marekebisho hayo yakazaa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ilipoanza kazi, taasisi zilizokuwa zikijiajiria watu zenyewe zikaanza kuona matangazo, mchujo na mahojiano yakihamia kwenye ofisi moja. Mzee wakati huo alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Yeye ndiye aliyekuwa akiandaa sleidi za wasailiwa pale kituoni. Mwanzoni alinung'unika kama wenzake, kwamba mtu wa mbali atajuaje fundi anayewafaa. Baada ya muda akakiri jambo moja hadharani, wakati wa chai: wapwa wa wakubwa walikuwa wamepungua.

Lakini idadi ya waombaji haikupungua. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Zaidi ya 10,000 walikaa majukwaani kuwania nafasi 70. Picha zile zilizunguka nchi nzima, na kila mzazi mwenye mhitimu nyumbani alizitazama kimya. Aprili 2017 ukaja uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo cheti kimekuwa mfalme. Matangazo ya usaili yanataka vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, hayakubali hati ya matokeo ya muda, na yanamtaka mwenye majina yanayotofautiana aje na kiapo. Kwa binti, jina la ukoo lilipungua herufi moja kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi hiyo ilimpeleka kwa wakili mjini mara mbili kabla hata hajapakia maombi yake kwenye mfumo.

Usaili wake ulikuwa mwaka 2024. Mchujo aliufanyia kwenye kompyuta, katika kituo cha mkoani, na mashine haikumuuliza ni mtoto wa nani. Alipopita, akaitwa Dodoma. Aliondoka na basi la alfajiri, akapanga chumba kimoja cha gesti na wasichana wengine watatu aliokutana nao siku hiyohiyo, wakalala wawili wawili, wakiulizana maswali mpaka usiku wa manane.

Kwenye vitendo hadubini ilikuwa ya umeme, safi, yenye lenzi mbili za macho. Alitakiwa kuhesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200, na kutambua kilichomo kwenye sleidi zenye namba. Kwenye mahojiano jopo lilimuuliza maadili ya utumishi wa umma, na afanye nini akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa. Alijibu. Wasaili waliandika alama zao, kila mtu kwenye karatasi yake. Walikuwa waungwana, na muda wao ulikuwa mfupi, kwa kuwa nje foleni ilikuwa ndefu.

Alipompigia baba yake jioni kutoka stendi, mzee hakungoja salamu ziishe.

"Ipi ilikuwa tupu?"

"Namba tatu, Baba. Nimeandika hakuna."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Akiulizwa upi ulikuwa usaili wa haki kuliko yote, mzee hasiti: wa binti. Babu alihitaji neno la jumbe, yeye mwenyewe alishindwa na kimemo, lakini binti alifika mezani akiwa hajulikani na mtu na akapimwa kama wengine wote. Kasoro anayoiona ni nyingine. Babu aliajiriwa kwa sababu ya kile alichokijua kutoka Jipe. Binti naye amekulia kwenye ziwa ambalo limempa jina perege wa kipekee, Oreochromis jipe, ziwa ambalo magugu yanazidi kulimeza mbele ya macho ya wavuvi wake, na anazijua njia zake zote za mtumbwi. Hakuna msaili aliyekuwa na swali la kuufikia ujuzi huo.

Majina ya waliopangiwa vituo yalitoka baada ya miezi kadhaa, na binti aliyasoma palepale kichuguuni. Lake halikuwamo. Alikuwa amefaulu, na jina lake limewekwa kwenye kanzidata, likingoja nafasi itakayopatikana. Kwa sasa anajitolea kwenye maabara ya zahanati, akisoma sleidi za watoto wenye homa.

Tangazo lililomwita lilieleza kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Babu alifuatwa na lori. Mzee alirudishiwa nauli kwa vocha. Siku binti alipopokea wito, zizini kulikuwa na mbuzi saba. Sasa wapo watano.